Arkidiakoni William Percival Johnson (1854–1928): Tegemeo Lake Halikuwa Mkono wa Mwanadamu

Miongoni mwa watumishi waliotangulia kuihubiri Injili katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, jina la William Percival Johnson halisahauliki. Hakuwa Mlutheri. Alikuwa padre wa Kanisa la Anglikana, aliyetumwa na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Hata hivyo Wakristo wa Mbuji na wa milima yote ya Umatengo, wakiteremka kuelekea ziwani, hufika Liuli, mahali alipomalizia mwendo wake na kuzikwa. Maisha yake ni urithi wa Wakristo wote wa nchi hii, nayo yanaonyesha kwa matendo maana ya kumtegemea Mungu pale vitisho vinapozidi nguvu za mwanadamu.

Nchi iliyoishi kwa hofu

Ili kuelewa kazi yake, yafaa kukumbuka hali ya nchi alipoingia. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 watu wa eneo hili walizungukwa na hofu kutoka pande mbili. Upande mmoja kulikuwa na vita vya Wangoni, ambao baada ya safari ndefu kutoka kusini mwa Afrika walikuwa wamejijengea utawala wenye nguvu katika nyanda za Songea. Upande wa pili kulikuwa na biashara ya watumwa, ambayo misafara yake ilitoka ziwani, ikapita katika nchi ya Wayao, na kushuka hadi Kilwa na bandari nyingine za pwani.

Wamatengo walikimbilia milimani, wakajificha katika mapango na kujilinda huko. Watu wa ziwani nao walizungushia vijiji vyao maboma ya miti, na wengine wakajenga juu ya miamba au juu ya nguzo zilizosimikwa majini, ili adui akija asiweze kuwafikia upesi. Mama aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Mtoto aliyetumwa kuchota maji aliweza kutekwa na kuuzwa. Katika nchi ya namna hiyo kila mtu alitafuta mwenye nguvu wa kumkinga, na asiyekuwa na mkingaji alihesabiwa kuwa mawindo.

Kuzaliwa na wito

Johnson alizaliwa mwaka 1854 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alisoma katika mji wa Bedford, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Oxford. Njia iliyokuwa mbele yake ilikuwa utumishi wa serikali ya Kiingereza nchini India, kazi yenye heshima, mshahara mnono na mamlaka juu ya watu wengi. Aliiacha njia hiyo akajitoa kwa ajili ya misheni ya Afrika.

Misheni ya UMCA ilikuwa imezaliwa kutokana na wito alioutoa David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Mwanzo wake ulikuwa wa machozi. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki mwaka 1862 katika nchi ya mto Shire, na misheni ikalazimika kuhamia Zanzibar. Johnson alifika Zanzibar mwaka 1876, wakati wa Askofu Edward Steere. Soko la watumwa la mji huo lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu kabla, mwaka 1873, na katika kiwanja chake kanisa kuu lilikuwa likijengwa.

Mwaka huohuo wa 1876 Askofu Steere alilipeleka kundi la watumwa waliokombolewa hadi Masasi, ili waanze kijiji cha Kikristo bara. Johnson alikuwa katika safari hiyo, na askofu aliporudi pwani alimwachia ulezi wa kijiji hicho. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 22, mgeni wa lugha na wa nchi. Hakuwa na askari wala ngome, na msaada wa karibu ulikuwa mbali kwa siku nyingi za kutembea kwa miguu.

Kufukuzwa Mwembe

Mwaka 1880 Johnson aliendelea mbele hadi Mwembe, makao ya Mataka, mmoja wa wakuu wenye nguvu kuliko wote katika nchi ya Wayao, ambayo leo ni sehemu ya kaskazini ya Msumbiji. Livingstone alikuwa amepita hapo mwaka 1866. Mji ulikuwa mkubwa, na utajiri wake ulitegemea sana biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Johnson alipokewa, akaanza kujifunza lugha na kufundisha.

Kukaa kwake huko hakukudumu. Mwaka 1881 msafara wa watumwa uliotoka kwa Mataka ulizuiwa huko pwani, nao watu wa Mwembe wakamshuku mgeni wao kuwa ndiye aliyepeleka habari. Vitu vyake viliporwa, naye akalazimika kuondoka. Haki inadai isemwe kwamba shaka ya watu wa Mwembe ilikuwa na chanzo chake: Waingereza walikuwa wakiipiga vita biashara hiyo baharini, na yeye alikuwa Mwingereza. Kwa hiyo Johnson alibeba hasira iliyoelekezwa kwa taifa lake, wakati hakuwa na nguvu yoyote ya taifa hilo ya kumlinda.

Alitoka Mwembe mikono mitupu. Kwa hesabu ya kibinadamu kazi yake ya kwanza katika nchi ya Wayao ilikuwa imeshindwa. Angeweza kuomba kazi Zanzibar, ambako kulikuwa na shule, kanisa na mji wenye amani. Badala yake alianza kutafuta namna ya kuingia bara zaidi, hadi ziwani.

Kaburi la kwanza kando ya ziwa

Mwenzake katika safari hiyo alikuwa padre kijana, Charles Janson. Walitembea kwa miguu hadi Ziwa Nyasa, wakafika mapema mwaka 1882. Janson aliliona ziwa lakini hakupewa siku za kufanya kazi kando yake. Aliugua akafariki mwezi Februari mwaka huo mahali paitwapo Chia, katika pwani ya mashariki, akazikwa hapo.

Johnson akabaki bila mwenzake wa misheni. Alikwenda kutoka kijiji hadi kijiji, kwa mguu na kwa mtumbwi, akilala katika nyumba za wenyeji na kula chakula chao. Tabia hiyo haikumwacha hata uzeeni: katika misheni yote alifahamika kuwa mtu asiyejali starehe, wala chakula, wala mahali pa kulala. Watu wa ziwani, waliozoea kwamba mgeni mwenye uwezo huja na bunduki na msafara mrefu, walimwona mgeni aliyeingia ndani ya maboma yao na kuishi chini ya hofu ileile waliyoishi wao.

Hatari haikuwa ya kufikirika. Mwezi Septemba mwaka huohuo wa 1882 Wangoni waliivamia Masasi, kile kijiji alichokilea yeye mwanzoni. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na kazi ya miaka sita ikaharibiwa kwa muda mfupi.

Meli na upofu

Katika kuzunguka kwake Johnson alitambua kwamba vijiji vya mwambao, vilivyotengwa na hofu ya njia za nchi kavu, vingeweza kufikiwa kwa maji. Mwaka 1884 alikwenda Uingereza kuomba fedha za meli ndogo ya mvuke. Fedha zilipatikana. Meli ilitengenezwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari, kisha kwa mito ya Zambezi na Shire, na mwaka 1885 ikaunganishwa na kushushwa majini. Iliitwa Charles Janson, kwa heshima ya yule aliyelala Chia. Mwaka huohuo misheni ilichagua kisiwa cha Likoma kuwa makao yake, kwa kuwa maji yalikilinda kisiwa hicho dhidi ya mashambulizi ya bara.

Katika kazi hiyo ya kusafirisha meli Johnson alipatwa na ugonjwa mkali wa macho. Ilimpasa kurudishwa Uingereza kwa matibabu. Jicho moja halikupona, na jingine likabaki na nuru hafifu. Mtu aliyeomba meli ili aweze kuona vijiji vyote vya mwambao alirudishiwa kazi yake akiwa karibu kipofu. Hata hivyo alirudi. Kwa zaidi ya miaka 40 iliyofuata alisoma kwa shida, akaandika kwa shida, na mara nyingi aliwategemea wengine kumwongoza njia.

Mikononi mwa Makanjila

Mwaka 1888 Johnson alifika kwa Makanjila, mkuu wa Wayao katika pwani ya kusini-mashariki ya ziwa, akifuatana na John Buchanan aliyekuwa akikaimu kazi ya konseli wa Uingereza. Makanjila alikuwa na nguvu kubwa, na vyombo vyake vilivusha watumwa kutoka ng'ambo ya magharibi. Wageni hao walikamatwa, wakavuliwa nguo zao, wakatendewa jeuri na kuzuiliwa, hadi walipoachiliwa kwa fidia ya bidhaa.

Tukio hilo lina uzito wa pekee katika maisha yake. Mbele ya macho ya watu wote, mwakilishi wa dola kubwa na mtumishi wa Kanisa walisimama pamoja wakiwa uchi wa heshima na mamlaka. Cheo cha konseli hakikumkinga yeyote kati yao. Wala haikutokea ishara kutoka mbinguni. Kilichowatoa ni fidia.

Baada ya hapo njia zilitengana. Serikali ya Kiingereza ilirudi kwa silaha. Mwaka 1891 Kapteni Cecil Maguire aliuawa katika mapigano na watu wa Makanjila, na mwaka 1893 vikosi na meli za kivita vikavunja nguvu ya mkuu huyo. Johnson naye alirudi katika ziwa lilelile na mahubiri yake, shule zake na macho yake mabovu. Aliendelea kulizunguka kwa miaka mingine 40.

Mwaka wa msiba

Mwaka 1895 ulikuwa mzito kuliko yote kwa misheni ya ziwani. Mwezi Agosti padre George Atlay, aliyekwenda bara ng'ambo ya Likoma, aliuawa na kikosi cha Wangoni waliokuwa vitani. Kumbukumbu za misheni zinasimulia kwamba bunduki yake ilikutwa karibu naye ikiwa bado na risasi zake zote, hakuwafyatulia waliomshambulia. Siku chache baadaye, tarehe 2 Septemba, Askofu Chauncy Maples, rafiki wa Johnson na mtenda kazi mwenzake tangu siku za Masasi, alizama ziwani kwa dhoruba. Alikuwa amewekwa wakfu kuwa askofu mwezi Juni mwaka huohuo, na alikuwa njiani kurejea Likoma. Joseph Williams, mmisionari asiye padre, alikufa pamoja naye.

Kwa muda usiozidi majuma mawili misheni ilipoteza askofu, padre na mtumishi mwingine. Waliokuwa mbali waliweza kudhani kwamba kazi imefikia mwisho. Johnson aliyebaki hakuwa na afya, hakuwa na macho, wala hakuwa tena na rafiki yake. Mwaka uliofuata, 1896, alifanywa kuwa Arkidiakoni wa Nyasa, yaani msaidizi wa askofu katika kuwasimamia mapadre na vituo vya ziwani.

Wenzake waliokosa konseli wa kuwatetea

Kumbukumbu ya Johnson haitakuwa ya kweli iwapo itamwonyesha kama mtu wa pekee. Katika safari zake na katika vituo vya misheni walikuwapo Waafrika ambao kwa upande mmoja hatari yao ilikuwa kubwa kuliko yake. Mzungu akishikwa, aliweza kutumainia kwamba mahali fulani kuna serikali itakayouliza habari zake. Mwalimu Mwafrika akishikwa, aliweza kuuzwa na jina lake lisitajwe tena.

Augustine Ambali, aliyekuwa mtumwa utotoni na kulelewa na misheni huko Zanzibar, alifanya kazi ziwani kwa miaka mingi hadi akawa padre. Yohana Abdallah, Myao msomi, alihudumu Unangu katika nchi ya watu wake mwenyewe, akaandika pia historia ya Wayao kwa lugha yao. Leonard Kamungu, mtoto wa mwambao huu wa ziwa, alipata upadre mwaka 1909, kisha akajitolea kwenda Msoro katika nchi iitwayo Zambia leo. Alifariki huko mwaka 1913, na wengi waliamini kuwa aliwekewa sumu. Watu hawa walisimama palepale aliposimama Johnson, na pengine mbele zaidi.

Kazi ya neno

Wakati mwingi wa utumishi wake Johnson aliutoa kwa tafsiri ya Maandiko. Biblia nzima katika Kinyanja cha Likoma, iliyotoka mwaka 1912, ilikuwa hasa matunda ya kazi yake. Mtu mwenye macho mazima huchoshwa na kazi ya kulinganisha maneno na kusahihisha kurasa; yeye aliifanya akiwa na jicho moja lenye nuru kidogo. Aliandika pia vitabu viwili vya kumbukumbu za ziwa na za maisha yake, vilivyotoka mwaka 1922 na 1924.

Nguvu za mataifa zilipopita

Kabla ya hapo mwambao ulikuwa umebadilika. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zilikubaliana mipaka, na sehemu ya kaskazini-mashariki ya ziwa ikawa chini ya Wajerumani. Liuli ikaitwa nao Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba wake wenye umbo la sanamu ya kale ya Misri. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika kaskazini mwa ziwa, na kutoka huko Injili ikaenea Ukinga na Ubena.

Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 viliiumiza Ruvuma kwa upanga na kwa njaa. Kisha mwezi Agosti mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika hadi hapo Liuli, meli ya Waingereza ilipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Katika vita hivyo Wajerumani waliwaweka wamisionari Waingereza kizuizini. Mambo yalipogeuka, Waingereza waliwaondoa wamisionari Wajerumani. Makundi ya Waanglikana na ya Walutheri yalionja jambo moja kwa zamu. Waliodhaniwa kuwa nguzo za Kanisa waliondolewa, na kazi ikabebwa na walimu na wazee wenyeji, pengine kwa msaada mdogo wa wageni kutoka misheni nyingine. Kanisa halikuanguka.

Johnson alitumia miaka yake ya mwisho katika mwambao huohuo. Alifariki Liuli mwezi Oktoba mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 74, baada ya kuitumikia Afrika kwa miaka 52, akazikwa hapo. Liuli, ambayo kwa sasa ipo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, imeendelea kuwa kituo cha Waanglikana wa Dayosisi ya Ruvuma, pamoja na hospitali ya misheni.

Funzo kwa kizazi cha sasa

Maandiko yanasimulia jinsi Mfalme Hezekia alivyotishwa na majeshi ya Ashuru, na jinsi alivyowatia moyo watu wake wasipime vita kwa wingi wa farasi na watu. Johnson hakuona jeshi la adui likitoweka kwa usiku mmoja. Aliporwa, alifukuzwa, alivuliwa nguo, alizika wenzake, akapoteza nuru ya macho. Kama kumtegemea Mungu kungekuwa na maana ya kuepushwa na mabaya yote, basi maisha yake yangekuwa ushahidi wa kinyume.

Lakini vitisho vinakusudia kumfanya mtu aondoke na asirudi tena. Katika jambo hilo Mataka hakufaulu kwake, wala Makanjila, wala maradhi, wala misiba ya mwaka 1895. Kila mara Johnson alirudi akiwa na uwezo mdogo kuliko aliokuwa nao kabla, na kazi ikaendelea kukua, kwa kuwa tegemeo lake halikuwa katika uwezo huo.

Wakristo wa milima na mwambao wa Ruvuma hawaishi tena ndani ya maboma wala juu ya nguzo majini. Bado wapo wanaotishwa: mjane anayeambiwa atarogwa asipoliacha shamba la marehemu mumewe, mzee wa Kanisa anayeonywa anyamaze mbele ya dhuluma, kijana anayechekwa kwa kukataa rushwa. Kwa hao habari za padre huyu asiyeona vizuri, aliyetembea katika pwani iliyojaa hofu na kuzikwa katika udongo wake, ni faraja na mwito. Bwana wa Kanisa aliyemshika mkono mtumishi wake katika giza la macho yake, naye awashike watu wake katika karne mpya ya utumishi. Amina.